Ramani ya Ng'ambo ije barazani kwanza: barua ya wazi kwa wanaopanga mji wa Zanzibar

Waheshimiwa viongozi, na nyinyi wataalamu mnaoshika kalamu ya kuupanga mji wetu,

Assalaam alaykum.

Ninaandika nikiwa Mwembetanga, katika nyumba ya marehemu baba yangu: vyumba sita, ukumbi katikati, uwani nyuma, baraza mbele. Nimezaliwa humu mwaka 1961. Nimesomesha skuli za mjini miaka 32 mpaka nikastaafu, na katika umri wote huo sijapata kuiandikia serikali barua isiyokuwa ya kikazi. Hii ni ya mwanzo. Nimeiweka wazi kwa sababu ninayoyasema humu si yangu peke yangu. Nayasikia kila siku Vikokotoni, Kikwajuni, Miembeni na Mlandege. Watu wanayasema wao kwa wao, kisha wananyamaza kwa kuwa hawajui wayapeleke wapi.

Tunajua kwamba Ng'ambo, huku kwetu nje ya Mji Mkongwe, inapangwa upya. Mipango ya miaka ya karibuni imeitaja kuwa kitovu kipya cha mji wa Zanzibar, na dalili zake tunaziona. Watu wanapita na vyombo vya kupimia, majengo marefu yanainuka Michenzani na Kwahani, na Darajani ya leo siyo ile niliyokuwa nikitumwa samaki nikiwa mdogo. Sipingi mji kubadilika, na naomba hili lieleweke mapema. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi una watu 593,678. Ya 2022 ikawakuta 893,169. Ndani ya miaka kumi tumeongezeka karibu laki tatu, na kila mmoja anataka pa kulala, maji, choo na njia ya kupita. Nyumba zetu nyingi zimechoka. Hii niliyomo, ukuta wake wa uwani una ufa unaopitisha mkono, na ikinyesha masika silali kwa kusikiliza bati. Anayesema Ng'ambo iachwe ilivyo hajalala katika nyumba hizi.

Ninachoomba ni kwamba tushauriwe, yaani tuulizwe maoni yetu, wakati mistari ya ramani bado imeandikwa kwa penseli.

Nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Miaka kadhaa nyuma tuliitwa mkutanoni. Barua ilimfikia sheha jioni, na mkutano ulikuwa kesho yake saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi mwanamke wa Ng'ambo yuko wapi? Yuko sokoni, au yuko jikoni, au amekaa njiani na beseni lake la mandazi anatafuta ada ya mtoto. Vijana wako bandarini, gereji na kwenye daladala. Basi tulikwenda watu kama thelathini, wengi wetu wazee. Ukutani ilibandikwa ramani kubwa ya rangi. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kiingereza, na majina ya mitaa yetu hayakuwamo. Ilikuwa na herufi na nambari tu. Mtaalamu alizungumza saa nzima, kisha akauliza kama kuna suala. Mzee mmoja, fundi uashi aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa ule, akanyanyuka, akaenda mpaka ukutani, akaanza kuitafuta nyumba yake kwa kidole. Alitafuta muda mrefu. Kisha akarudi kukaa, hakusema kitu. Nilimwangalia usoni, nikajua kwamba hakuiona na kwamba ameona haya kuuliza mbele za watu. Mtu aliyeijua kila kona ya mtaa kwa mikono yake alitolewa nje ya mazungumzo na karatasi.

Tulipewa soda na pesa ya nauli, tukatia saini kwenye orodha. Baadae nikaja kusikia kwamba wananchi wa eneo letu walishirikishwa na wakaridhia. Saini yangu imo katika hiyo ridhaa. Niliitia kwa ajili ya nauli.

Sikumtaja aliyeitisha mkutano ule, wala sitamtaja, kwa sababu sina ugomvi naye. Yule mtaalamu alikuwa kijana mwenye adabu, na naamini alirudi ofisini akijua kwamba amefanya kazi yake. Tatizo ni kwamba kazi aliyopewa ilikuwa ya kutuarifu, ikaandikwa kuwa ametushauri. Ukimwarifu mtu, unamletea uamuzi uliokwisha fanywa. Ukimshauri, unakubali kwamba huenda akakwambia jambo litakalokufanya ufute ulichokiandika. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 21(2), inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Neno lililotumika pale ni kushiriki katika kufikia uamuzi. Sisi tumezoea kushirikishwa katika kuupokea.

Na mazoea haya ni ya zamani. Jina la Ng'ambo lenyewe ni jina la upande wa pili: upande wa pili wa hori la Pwani Ndogo, lililokuwa likitenga Mji Mkongwe na huku kwetu. Aliyetuita Ng'ambo alikuwa amesimama kule. Hori lilijazwa kifusi, daraja likaondoka, jina la Darajani likabaki, na sisi tukabaki kuwa ng'ambo. Mwaka 1923 alikuja Mwingereza Lanchester akaupangia mji. Mwaka 1958 akaja Kendall. Mwaka 1968 wakaja wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na mwaka 1982 Wachina. Kila mmoja alikuja na ujuzi wake, na siwezi kusema kwamba hakuna jema waliloliacha. Lakini yatandikeni makaratasi ya hao wote mezani, muulize ni lipi lililoanzia kwa mtu anayekaa Ng'ambo akaelezea siku yake inavyokwenda tangu alfajiri mpaka anapolala.

Msifikiri kwamba watu walikuwa hawana la kusema. Zamani wenye ardhi waliwaacha watu wajenge vibanda vyao kwa malipo madogo au bila malipo. Ardhi ilipopanda thamani wakaanza kuwadai kodi, na mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa. Watu wale wengi hawakujua kusoma, ila walijua kwamba nyumba ni yao na wakajua pa kukutana wakubaliane. Walikutana barazani, uwani, misikitini na ngomani. Ndiyo Ng'ambo aliyoimba Siti binti Saad. Miaka ya 1940 utawala wa kikoloni ukalijenga jumba la Raha Leo ili watu wa Ng'ambo wapate pa kustarehe kwa namna walivyoona wakubwa inafaa. Haikupita miaka ishirini; mwezi Januari 1964 Mapinduzi yakatangazwa kutokea palepale. Jengo hupangwa na mmoja, matumizi yake yakaamuliwa na wengine.

Sasa nataka kukaa kidogo na Michenzani, kwa sababu pale mapenzi ya kweli ya kuwafaa watu na kutowauliza vilikwenda pamoja.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba ya udongo Michenzani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilivunjwa, pamoja na nyingi nyengine, kupisha majumba ya maendeleo. Nilikuwa mtoto wa skuli. Nakumbuka vumbi, na nakumbuka bibi amekaa juu ya sanduku lake la nguo chini ya mti, anaangalia. Mzee Karume alitaka mtu wa Ng'ambo akae nyumba ya maana, yenye umeme na choo chake mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kuambiwa kwamba nyumba ya mawe ni ya watu wa upande ule. Lilikuwa jambo la heshima, na bibi alilijua. Alipopewa ufunguo alilia kwa furaha. Mpaka anakufa hakumruhusu mtu aliseme vibaya jengo lile mbele yake.

Lakini aliishi ghorofa ya juu, na maji hayakupanda. Kila siku sisi wajukuu tulipokezana ndoo kwenye ngazi. Alizoea kupika kwa kuni uwani, amekaa juu ya mbuzi ya nazi, jirani anapitisha kichwa mlangoni anaomba chumvi. Juu kule hakukuwa na uwani, kuni zikawa moshi wa chumba kizima. Kuku wake aliwagawa. Watoto walipocheza chini hakuwaona. Mume wake alipofariki, jeneza lilishushwa kwenye ngazi likiwa limeinamishwa, vijana wanne wanahangaika kwenye kona, na bibi amesimama juu anatazama. Jambo hilo lilimuuma kuliko ukosefu wa maji, na alilirejea mara nyingi. Hakuna mchoraji aliyekuwa amefikiria jeneza. Angemuuliza mwanamke mmoja tu wa Michenzani, angeambiwa siku hiyohiyo.

Na bibi akafanya nini? Kila Alasiri alishuka na mkeka wake, akatandika chini ya ngazi, wenziwe wakaja. Baada ya muda wanaume wakatafuta matofali na saruji wakajenga baraza pale. Nendeni leo mkatembee chini ya majumba yale. Mtaona mabaraza yaliyojengwa baadae, vibanda, meza za karata, mafundi charahani na majiko ya urojo. Watu wamekaa miaka hamsini wakilirekebisha jengo ambalo lingeweza kurekebishwa kwa penseli kabla ya tofali la kwanza.

Hapo ndipo ninapoomba tujifunze, hasa sasa ambapo tunajenga kwenda juu tena. Pengine hapana njia nyengine. Ardhi ya mjini ni ndogo na watu ni wengi. Basi kama ni ghorofa na ziwe ghorofa, lakini mtuulize baraza itakuwa wapi, turubai la arusi na la matanga litafungwa wapi, jeneza litashukaje, mama anayeuza mikate ya kumimina atapikia wapi, na mtoto wa miaka mitano atacheza wapi huku mama yake anamwona.

Baraza si kitu cha ziada kwetu. Pale ndipo habari inapofika, ndipo posa inapoanza kuulizwa, ndipo mgonjwa anapochangiwa, ndipo kijana aliyeanza kupotea anapoonekana mapema na kuitwa. Mji Mkongwe uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na wageni wanatoka mbali kupiga picha milango yake. Huku kwetu milango ni ya kawaida. Ila mtu akitaka kuona jinsi mji wa Waswahili unavyoishi, mahali pake ni huku saa kumi na moja jioni.

Na ipo kazi moja niliyoiona ikifanywa vizuri, naitaja kwa jina kwa sababu inastahiki. Miaka kumi hivi iliyopita, idara ya mipango miji hapa Zanzibar ikishirikiana na mji wa Amsterdam na wataalamu wengine iliendesha mradi ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo. Vijana walipita mitaani kwa miguu, wakauliza. Waliandika mabaraza, misikiti, visima, viwanja vya mpira na sehemu zilizokuwa senema. Waliwauliza wazee majina ya mahali, na majina yakaandikwa yanavyotamkwa. Mimi niliyesomesha ramani darasani miaka mingi sikupata kuona ramani ya mji iliyoyahesabu mabaraza kuwa kitu. Hata jina la mradi lilitupa kauli: Ng'ambo tuitakayo sisi.

Kwa hiyo hatuombi jambo ambalo halijapata kufanywa. Limefanywa, hapahapa, na Wazanzibari. Ninachotaka kujua, na wengi wenzangu wanataka kujua, ni kwa njia gani yale yaliyoandikwa yanaingia katika kila mchoro mpya unaoletwa. Mwekezaji anapokuja na jengo lake, je, anaonyeshwa ile ramani ya mabaraza? Anaambiwa kwamba kiwanja anachokiona kitupu ndipo panapochinjwa wakati wa Idi na ndipo vijana wa mitaa mitatu wanapocheza mpira? Kwenye hati kiwanja hicho ni kitupu, na anayeisoma hati peke yake hatokuwa na sababu ya kudhani vyengine.

Majina ya mitaa yetu peke yake yanatosha kuwapa wapangaji wa mji nusu ya habari wanayoitafuta. Kisima Majongoo inakwambia kulikuwa na kisima. Mchangani inakwambia unasimama juu ya nini. Mwembetanga, Mwembeladu, Miembeni na Kikwajuni zinakwambia kulikuwa na miti, na kwamba kivuli kilikuwa na thamani ya kuupa mtaa jina. Mwembeshauri ina shauri ndani ya jina lake. Mzee wa mtaani atakuonyesha maji ya masika yanaingilia wapi na kutokea wapi, na atakwambia mwaka gani mtaro uliozibwa kwa jengo ulirudisha maji yale vyumbani mwa watu. Habari hiyo mhandisi anaweza kuitafuta kwa vyombo na pesa nyingi, na ni vizuri aitafute. Akianza kwa yule mzee atajua wapi pa kuanza kuchimba.

Kuna watu ambao hata mkutano ukiitwa vizuri hawaitwi, nao ni wapangaji wa nyumba. Katika nyumba yangu mna familia tatu. Mimi peke yangu ndiye mwenye nyumba. Jirani yangu wa chumba cha mbele anakodi mwaka wa kumi na nne sasa, anashona nguo ukumbini, wateja wake wote wako ndani ya mwendo wa dakika tano. Nyumba hii ikivunjwa mimi nitafidiwa, au nitapewa fleti. Yeye atapewa nini? Atahamia nje ya mji ambako kodi ni nafuu, awaache wateja, alipe daladala kwenda na kurudi kila siku. Kwenye hesabu za fidia hayumo, kwa sababu hana hati. Kwenye hesabu za mtaa ni mmoja wa watu wanaoushikilia. Vilevile wale wanaokaa katika nyumba za wakfu, na wale warithi kumi na wawili wa nyumba moja ambao wengine wako Dar es Salaam na wengine Maskati. Mpango unaozungumza na mwenye hati peke yake unazungumza na watu wachache sana wa Ng'ambo.

Na wanawake. Nasema hili kama mwanamke niliyekaa kwenye mikutano mingi. Mkituita pamoja na wanaume kwenye ukumbi wa viti vilivyopangwa safu, wengi wetu tutakaa nyuma na tutanyamaza, hata tuliosoma. Mkija uwani, au madrasa baada ya watoto kutoka, au mkikaa na kikundi cha kuweka na kukopa siku yao ya kukutana, mtaambiwa mambo mpaka karatasi ziishe. Mtaambiwa uchochoro upi hauna taa na binti hapiti baada ya Ishaa. Mtaambiwa mfereji upi unatoa maji saa tisa usiku na nani anaamka kuyateka. Mtaambiwa kwamba choo cha soko hakina pa kumbadilishia mtoto, na kwamba mwanamke anayeuza kutwa nzima anajizuia kunywa maji ili asihitaji kwenda chooni. Ramani hamtayaona haya, na sheha mwanamume, hata awe mwema kiasi gani, huenda hayajui.

Wapo watakaosema kwamba kuuliza kila mtu kunachelewesha, na kwamba wafadhili na wawekezaji hawasubiri. Nimelifikiria hili kwa haki. Ni kweli kwamba kushauriana kunachukua muda. Lakini hesabuni pia muda wa upande wa pili: mkandarasi anayesimama kwa sababu ya kesi ya mrithi ambaye hakuulizwa, maduka mapya yanayokaa matupu kwa sababu kodi yake haimudu muuza viatu wa Darajani, bustani inayotengenezwa mara mbili kwa sababu njia ya watu ilikuwa imekatwa na watu wakaivunja fensi. Miezi sita ya kusikiliza, ndani ya jengo litakalosimama miaka sitini, ni kitu kidogo. Na watakaosema wananchi hawajui mipango miji wanasema kweli vilevile. Hatuijui. Hatuombi kuchora. Tunaomba mchoraji ajue anachorea maisha ya namna gani.

Basi nasema wazi tunachoomba. Ramani iandikwe kwa Kiswahili, mitaa yetu imo kwa majina yake, na misikiti, skuli na maduka yanayojulikana yaonyeshwe ili yule fundi uashi aikute nyumba yake kwa mara moja. Itundikwe barazani, skuli na sokoni kwa miezi, na pawepo kijana wa kuieleza na daftari la kuandikia maoni. Katika kila shehia wachaguliwe watu wa kukaa na wapangaji wa mji tangu siku ya kwanza, wakiwemo wapangaji wa nyumba, wafanyabiashara wadogo, vijana na watu wenye ulemavu. Na wachaguliwe na wenziwao, wasiteuliwe. Kabla ya nyumba yoyote kuvunjwa, mwenye kukaa humo, awe na hati au hana, aambiwe kwa maandishi atakaa wapi wakati wa ujenzi, atarudi lini, atarudi wapi, na kodi au mchango utakuwa kiasi gani. Na mkishasikia maoni yetu, mturudishie jibu: hili tumelikubali, hili tumelikataa, sababu ni hii. Tutakubali kukataliwa kwa sababu tuliyoelezwa. Kinachotuvunja moyo ni kutoa maneno yasiyorudi.

Hilo la mwisho nalitilia mkazo kuliko yote. Nimesomesha watoto miaka mingi. Mtoto anayejibu swali na mwalimu asimtazame, mara ya tatu hanyanyui mkono tena. Mitaa yetu imefika hapo. Mkutano ukiitwa, watu wanauliza kwanza kama kuna nauli. Msiwalaumu. Ukimya huo umejengwa polepole, na ndiyo maana nasema utahitaji kubomolewa polepole, mtaa kwa mtaa.

Anzeni na mtaa mmoja. Njooni Mwembetanga. Msitume barua jioni kwa mkutano wa kesho. Tuambieni wiki mbili kabla, na mje baada ya Alasiri, jua likiwa limepungua na watu wamerudi. Msilete viti, pa kukaa papo. Kahawa tutachemsha, na kashata zipo. Wanawake watakaa uwani kwangu, wanaume mbele, na mtakwenda pande zote mbili. Mzee fundi uashi niliyemtaja bado yuko hai, macho yake yamepungua nguvu lakini miguu anayo, na nimemuomba awatembeze. Amekubali. Wacheza bao nao wameshasema kwamba siku hiyo watalisogeza bao lao, ramani ipate pa kutandikwa. Leteni na penseli, na kifutio.

Wenu katika kuujenga mji,

Mwalimu mstaafu na mkaazi wa Mwembetanga, Unguja